Kubana na Kunyoosha

Meza yetu ya kulia chakula ilipasuka usiku mmoja wa mwezi wa Agosti, yapata saa nane. Mlio wake ulikuwa kama wa tawi kavu linalovunjwa gotini. Mke wangu, ambaye hulala masikio yakiwa macho, alinitikisa akasema, "Baba, amka, kuna mtu dirishani." Nilichukua tochi na fimbo nikazunguka nyumba nzima, nikarudi bila kuona mtu. Asubuhi, wakati wa kuweka chai, ndipo tulipoona ufa. Ulianzia ukingoni, upande ninaokaa mimi, ukaingia hadi karibu nusu ya meza, na sarafu ya shilingi mia ingeweza kusimama ndani yake bila kuanguka.

Meza hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Ilikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 40, na upana wa sentimita 90, mbao tano za paina zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi. Niliikusudia kwa ajili ya Krismasi, watoto na wajukuu wanapokuja na kukuta wengine wanalia kwenye viti na wengine kwenye mkeka. Nilijivuna nayo mno. Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha mahali mbao zilipokutana nikamwuliza kama anaona mstari. Basi ndugu msomaji, ukitaka kujua kwa nini mzee wa miaka sabini na mitano ameamua kuandika kurasa hizi juu ya klampu, sababu ni ufa huo, pamoja na mambo mengine yaliyoanza kunisumbua nilipokuwa nautazama.

Kwanza nieleze chombo chenyewe, maana wapo watakaosoma bila kukifahamu. Mafundi wetu hukiita klampu. Wengine husema jiriwa, ingawa jiriwa hasa ni ile iliyofungwa kwenye benchi, inayoshika kitu unapokipiga randa au kukichonga. Klampu ndefu ni fimbo ya chuma au ya mti, ya mita moja, moja na nusu au hata mbili, yenye kidole kimoja kisichokwenda popote na kingine kinachosogezwa kwa skrubu. Unaweka mbao zako katikati, unazungusha mpini, nazo zinasukumwa zikutane hadi gundi ikauke. Gundi nyeupe ya mbao haipendi nafasi. Ikiwa tabaka jembamba kati ya nyuso mbili zilizogusana vizuri, hushika kuliko ubao wenyewe. Ikiachwa ijaze pengo, hukauka ikawa kama ganda la yai.

Anayetengeneza kiti cha mtoto anaweza kujifungia kwa kamba. Unaizungusha mara mbili, unatia kijiti katikati na kukisokota mpaka kamba ilie. Wapo pia wanaotumia vipande vya tyubu ya baiskeli, navyo hubana kwa upole wa kupendeza. Lakini meza ya sentimita 90 haifungwi kwa tyubu. Klampu za dukani zenye urefu huo ni ghali kwa mtu anayeishi kwa pensheni, nazo huhitajika zaidi ya moja. Ubao wa mita 2 na nusu unataka klampu tano au sita, nyingine zipite juu na nyingine chini, kwa kupishana, kwa sababu klampu ikivuta upande mmoja tu wa unene wa mbao, meza nzima hujikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Kwa hiyo mtu wa nyumbani hana budi kuchagua: aazime, anunue moja moja kila mwaka, au ajitengenezee.

Mimi nilijitengenezea. Nilipata vyuma vya pembe kutoka kwa mchomeleaji wa karibu na soko la Majengo, bolti nne nene zilizotoka kwenye lori bovu, na nati zake. Kijana alichomelea nati upande mmoja, kipande cha chuma upande wa pili, na mpini wa nondo wenye urefu wa sentimita 20. Klampu nne zikawa tayari kwa siku moja. Nilipozijaribu nilifurahi kama mtoto aliyepewa manati. Zilikuwa na nguvu!

Nguvu kiasi gani? Nilifundisha hisabati miaka mingi, na katika huzuni ya ufa wangu nilikaa nikapiga hesabu. Mpini wa sentimita 20 ukizunguka mara moja, mkono wangu unasafiri milimita 1,256. Bolti ile husogea milimita 3 tu kwa mzunguko. Gawanya, utapata zaidi ya 418. Maana yake ni kwamba kama nasukuma mpini kwa uzito wa kilo 10, jambo ambalo hata mkono wangu mbovu unaliweza, mbao zingebanwa kwa kilo 4,000 na zaidi kama kusingekuwa na msuguano. Msuguano hula sehemu kubwa, tuseme robo tatu. Bado imebaki tani moja. Tani moja, kwa mkono wa mzee anayepiga mluzi! Na nilikuwa na klampu nne.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mbao zangu hazikuwa zimenyooka. Paina nyingi inayouzwa hapa Dodoma hutoka nyanda za Mufindi, Sao Hill, ambako hewa ni ya ubaridi na unyevu. Mara nyingi hukatwa, hupasuliwa na kuuzwa kabla haijakauka ipasavyo. Inafika kwetu, mahali penye mvua za milimita 600 au pungufu kwa mwaka, zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi ya upepo mkavu na vumbi. Ubao huo hauna budi kusinyaa. Katika urefu hausinyai kiasi cha kuonekana, bali katika upana husinyaa, na haufanyi hivyo kwa usawa. Mbili kati ya mbao zangu zilikuwa na upinde ubavuni. Nilipoziweka pamoja, miisho yake ilikuwa wazi kwa unene wa penseli. Fundi mwenye subira angerudi kwenye randa, akanyoosha, akajaribu tena, akanyoosha tena. Mimi nilikuwa na chombo cha tani moja. Nilizungusha mpini, pengo likafunga, gundi ikatoka pembeni kama uji unaochemka, nami nikasema, "Imekubali."

Ubao haukuwa umekubali. Ulikuwa umebanwa, nao ukakaa hivyo tangu Machi hadi Agosti ukiwa na upinde wake moyoni. Kiangazi kilipofika, miisho ya mbao ikakauka kwanza, kama inavyokauka daima, na ule mvuto wa kurudi mahali pake ukapata msaada.

Nilipokuwa nikisoma katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na mkufunzi wa kazi za mikono, mtu wa maneno machache na shati lenye vumbi la mbao. Enzi zile maneno ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, yalikuwa bado ya moto, na mwalimu asiyejua kushika jembe na msumeno alionekana nusu mwalimu. Mkufunzi yule alikuwa na kanuni moja kabla ya kuturuhusu kugusa gundi. Weka mbao pamoja zikiwa kavu, bila gundi, uzisukume kwa mikono miwili tu. Zikikutana, haya, fungua kopo la gundi. Zisipokutana, rudi kwenye randa. Hakuruhusu klampu itumike kujibu swali ambalo mikono ilikwisha kulijibu.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja alilolifanya ambalo halikuwa sawa na kanuni hiyo, nalo lilitushangaza. Alipounganisha mbao ndefu, alipiga randa katikati mara moja ya ziada, kwa makusudi, ili katikati ya ungio pabaki uwazi mdogo kama unene wa karatasi mbili tatu. Kisha akafunga klampu moja katikati, uwazi ule ukafunga, na miisho ikakazana yenyewe. Alisema miisho ya mbao ndiyo inayokauka na kuachana kwanza, kwa hiyo heri iwe na akiba ya kubana. Nimelifikiri sana jambo hili. Maana yake ni kwamba si kweli kuwa nguvu yote ni mbaya. Iko nguvu ndogo iliyopimwa, inayotumika kwa kuijua tabia ya kitu na kwa faida ya kitu chenyewe. Unene wa karatasi, ndiyo. Unene wa penseli, hapana. Na kati ya karatasi na penseli ni nani atakayekuonyesha mpaka?

Swali hili lingekuwa la useremala tu kama nisingekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili.

Katika shule moja niliyoiongoza, ambayo sitaitaja, alikuwapo mvulana wa darasa la sita aliyekuwa mpole kupita kiasi na mtoro kupita kiasi. Hakuwa mjinga. Alikuwa akitoroka kwenda kwa babu yake, mchunga ng'ombe, na kukaa huko siku tatu nne. Sisi Watanzania tunayo methali: samaki mkunje angali mbichi. Niliiamini sana. Nilimwita ofisini, nikampa viboko, nikamwagiza aripoti kwangu kila asubuhi na kila jioni, na asimame mbele ya paredi aseme jana alikuwa wapi. Nilimwendea baba yake pia, naye akaongeza ya kwake. Baada ya muhula mmoja utoro ukaisha. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Katika ripoti yake niliandika kwa mkono wangu neno moja: "Amenyooka."

Alifanya mtihani wa darasa la saba, na siku ya pili yake hakuonekana tena, si shuleni tu bali kijijini. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, lake lilikuwamo. Wakati ule, kwa shule ya vijijini, kupata nafasi hiyo ilikuwa kama kuokota lulu njiani. Tulimtafuta hadi nafasi ikapewa mwingine.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, hapa mjini karibu na kituo cha mabasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevaa vizuri, ana mzigo wa ngozi. Akaweka mzigo chini, akainama kidogo akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nikamwuliza habari za siku nyingi, akasema nzuri. Nikamwuliza watoto, akasema wapo. Kisha akaaga kwa adabu na kuondoka. Hakuna neno alilonikosea. Adabu yake ilikuwa kamili, na katika adabu ile sikuona hata tundu la sindano la kuingilia. Ningependa zaidi angenitukana.

Nimewahi kujitetea moyoni kwamba bila fimbo ile asingefika hata huo mtihani. Yawezekana. Lakini kwa muhula wote ule sikumwuliza hata mara moja huko kwa babu alikuwa anafuata nini. Sikufanya jaribio la mikono miwili. Nilikuwa na mpini wenye tani moja, wa ofisi, wa fimbo, wa baba mzazi, na mtu mwenye mpini wa namna hiyo haoni haja ya randa. Na ile methali ya samaki, nikiitazama sasa, imeachia jambo. Samaki akikunjwa akiwa mbichi kisha akakauka, hubaki katika mkunjo, kweli. Lakini samaki huyo amekufa. Ubao haufi namna hiyo. Hata ukiwa meza kwa miaka hamsini huvuta unyevu wa Januari na kuuachia Agosti.

Wenzangu wa rika langu katika mkoa huu watakumbuka mbano mwingine, mkubwa kuliko huu. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawawezi kuingizwa katika ujamaa kwa nguvu. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, na mwezi wa Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na kazi niliyopewa ilikuwa kuandika majina ya kaya. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Wagogo walikuwa wakiishi mbalimbali kwa sababu yao: mvua ya hapa hunyesha shamba hili ikaruka lile, na ng'ombe wengi hawawezi kunywa kisima kimoja. Sababu hiyo haikuwa na safu katika daftari langu. Sitaki nionekane mtu wa kulaumu yote. Vijiji vile vilileta shule, zahanati na maji, na mimi mwenyewe nililipwa mshahara kwa ajili yake. Wapo waliobaki hadi leo kwa hiari, na wapo waliorudi taratibu kwenye mahame yao mara mkono ulipolegea. Wakati wa kubana wote walionekana sawa.

Basi nilimpelekea habari hizi fundi kijana wa jirani yetu, mwenye karakana ya turubai kando ya barabara. Tangu serikali ilipohamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, kazi yake haiishi: vitanda, makabati, milango. Nilimweleza habari ya ufa na kanuni ya mkufunzi wangu. Alisikiliza huku akipiga msasa, kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo yako nimekupa, sasa niruhusu nikupinge."

Nikamwambia anipinge.

"Wewe una miezi. Mteja wangu ana harusi Jumamosi. Mbao iliyokauka vizuri bei yake yeye haiwezi. Mninga ndiyo usiseme, mpaka vibali. Nikikataa kila ubao uliopinda, yule mama atalalia chini, na mimi watoto wangu watalala njaa. Nabana, natia parafujo, napiga rangi. Kitanda kinakaa miaka mitano. Miaka mitano ya kulala kitandani si kitu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo jibu langu ni nusu. Ni kweli kwamba kanuni safi mara nyingi ni mali ya mtu mwenye muda. Madarasa yangu yalikuwa na watoto sabini, themanini, mwalimu mmoja. Nani angekaa na kila mmoja amwulize habari za babu yake? Mfumo wote ulikuwa na harusi Jumamosi. Lakini nilimwuliza fundi jambo moja: je, yule mama anaambiwa kwamba kitanda ni cha miaka mitano? Akacheka, akasema ukimwambia ataenda kwa fundi mwingine asiyemwambia. Tukaachana hapo, naye akaniazima klampu mbili, maana kwa mambo ya kuazima ni mtu mwema kuliko mimi.

Kosa langu na kosa lake, ninavyoliona, si moja. Yeye anabana akijua ubao haujakubali. Mimi nilibana nikajiambia umekubali, nikaandika hivyo katika ripoti. Sijui kama tofauti hiyo inanisaidia au inaniumiza zaidi.

Katika sebule yetu kuna ilimba ya zamani, aliyoniachia mjomba wa mke wangu. Watu wa nje waliifahamu ala hii kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, lakini kwetu ni chombo cha nyumbani. Vile vyuma vyake havikupigiliwa msumari wala kutiwa gundi. Vimeshikwa kwa kubanwa tu na kipande kimoja kinachovikandamiza. Vikibanwa kidogo mno, vinakwaruza. Vikibanwa mno, huwezi tena kukisogeza kimoja mbele au nyuma kutafuta sauti yake. Mjukuu wangu ameuliza mara nyingi kwa nini hatuvigandishi ili visicheze.

Meza nimeifungua. Nilipasua ungio lote kwa msumeno, taratibu, nikazisimamisha mbao tano darini zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Zile klampu za tani moja sikuzitupa, bali nimekata mipini yake ikabaki sentimita 8, ili mkono wangu uchoke mapema. Nimetengeneza na nyingine mbili za mti: mbao ya mbili kwa nne yenye matundu kila sentimita 10, kigingi upande mmoja, na upande wa pili kabari mbili zinazogongwa zikipishana. Mteremko wa kabari ni sentimita 1 kwa kila 10, kwa hiyo hazirudi nyuma zenyewe. Nyundo ndogo inatosha, na mlio wake unakuambia mapema: ukiwa mzito, mbao zimekutana, acha.

Mbao tatu zimekwisha nyooka na zinakutana kwa mikono miwili. Ile ya nne nimeipiga randa mara mbili na kila nikirudi baada ya wiki nakuta imepinda tena, kidogo zaidi ya karatasi. Mke wangu anasema Krismasi inakaribia na watoto watakula mkekani. Nimemwambia tungoje mvua za kwanza, kisha niipime tena.